Heritage 130P: darubini ya mezani kwa mtu wa ikweta

Ukianza kutafuta darubini ya kwanza mtandaoni, maboksi mengi yanajigamba kwa namba moja tu: inakuza mara 525, inakuza mara 675. Namba hiyo ipuuze. Kinachoamua utaona nini ni kipenyo cha kioo au lenzi inayopokea mwanga, pamoja na uimara wa kitako kinachoibeba. Kwa mambo hayo mawili, Sky-Watcher Heritage 130P FlexTube inazipita karibu zote zinazouzwa kwa bei yake. Na kwa aliyeko Kampala, Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam kuna sababu moja zaidi ya kuichagua, ambayo mhakiki wa Ulaya wala hana haja ya kuiwaza. Kasoro zipo, na nyingine zinaudhi kweli, lakini karibu zote zinatibika kwa vitu vinavyopatikana duka la vifaa vya ujenzi.

Kwanza vipimo. Kioo kikuu kina kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana kuwa picha) wa milimita 650, yaani uwiano wa f/5, ambao ni 650 kugawa kwa 130. Bomba si zima: nusu yake ya juu inateleza kwenye fito mbili za chuma, unaivuta unapotaka kutazama na kuirudisha ukimaliza. Pamoja na kitako chake ni kilo sita na ushee, mzigo wa mkono mmoja. Ndani ya boksi kuna lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya milimita 10, na kilengeo cha nukta nyekundu kinachotumia betri bapa ya CR2032. Ukuzaji unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi: 650 kwa 25 ni mara 26, 650 kwa 10 ni mara 65. Inatengenezwa China na kampuni ya Synta. Marekani kifaa hicho hicho kimekuwa kikiuzwa na shirika la Astronomers Without Borders kwa jina la OneSky, kwa hiyo ushauri unaousoma kuhusu OneSky unaihusu hii pia. Bei ya kule kwa kawaida ilikuwa kati ya dola 200 na 300, kabla ya usafiri na ushuru.

Pesa yako imekwenda kwenye kioo. Kimesagwa kwa umbo la parabola, ambalo linakusanya miale yote ya nyota mahali pamoja. Darubini nyingi za bei chee zina kioo cha mviringo wa mpira. Kioo cha namna hiyo kinavumilika kikiwa na kipenyo kidogo na bomba likiwa refu, lakini kwa f/5 nyota inabaki kama tone la mafuta hata ufokasi vipi. Kuna mtego mwingine wa kuukwepa: darubini za milimita 114 zilizoandikwa urefu wa fokasi 1000 huku bomba lenyewe halifiki hata nusu mita. Mahesabu hayo yanatimia kwa kuwa wamechomeka lenzi ya ziada ndani ya shingo ya fokasi, yaani mrija unaoshika lenzi ya jicho, na lenzi yenyewe kwa kawaida ni kimeo.

Milimita 130 maana yake nini machoni? Mboni ya jicho kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, kwa hiyo kioo hiki kinakusanya mwanga mara 345 hivi zaidi ya jicho tupu. Uwezo wake wa kutenganisha vitu vilivyokaribiana ni kama sekunde 0.9 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3600 ya digrii). Kwenye Mwezi hiyo ni sawa na kitu cha kilomita 1.7. Kwa hiyo wageni watakapouliza kama bendera ya Apollo 11 inaonekana, na watauliza tu, jibu ni hapana: chombo kilichotua kilikuwa na upana wa mita 9 au 10 miguu ikiwa imepanuliwa. Bahari ya Utulivu walikotua inaonekana vizuri sana. Chombo chenyewe hakuna darubini iliyoko duniani inayoweza kukionyesha.

Sasa ile sababu ya ikweta. Darubini nyingi za mwanzo huja na kitako cha miguu mitatu chenye mhimili ulioinama na uzito wa kusawazisha. Mhimili ule lazima uelekezwe sambamba na mhimili wa dunia, na mwinamo wake uwe sawa na latitudo ya mahali ulipo. Berlin au London ni zaidi ya digrii 50, hakuna tabu. Kampala ni theluthi moja ya digrii, Nairobi ni 1.3, Mombasa 4, Dar es Salaam 6.8. Vitako vidogo vingi havikuundwa kulala chini kiasi hicho: skrubu ya mwinamo inagota kabla hujafika, au uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa mbele. Hata ukifaulu kukilaza, ile nyota ya kaskazini wanayoitumia kulenga, kwetu iko kwenye upeo wa macho nyuma ya miti na maghorofa, na ukiwa kusini ya ikweta iko chini ya upeo kabisa. Wengi waliopewa zawadi ya kitako cha aina hiyo wameishia kukitumia kiholela, na darubini sasa inakaa juu ya kabati.

Heritage inatumia mtindo wa John Dobson, mtawa wa San Francisco aliyejenga darubini za mbao na vifaa vya kuokoteza miaka ya 1960 na kuziweka mitaani watu watazame. Mijongeo ni miwili tu: juu na chini, kulia na kushoto. Hakuna kuelekeza kaskazini wala kupima latitudo. Unaiweka, unaisukuma, unatazama.

Gharama yake ni kwamba haifuati anga. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, na kwa mara 65 sayari inakatiza eneo lote la kuonea kwa dakika tatu hivi. Kwa mara 130, ukiongeza lenzi ya maradufu, ni dakika moja na nusu. Unasukuma kidogo, unaacha ipite, unasukuma tena. Mkono unazoea haraka. Ukiwa na kundi la watoto kwenye foleni ndipo utaona adha yake, kwa sababu wa tatu atakuta uwanja mtupu. Tumia lenzi ya milimita 25 kwa makundi na uweke kitu ukingoni mwa upande kinakotokea, ili kila mmoja akikute kikielekea katikati.

Kuna jambo moja ambalo ikweta inalifanya gumu zaidi. Sayari kwetu hupita karibu na utosi. Ni bahati kubwa, maana tunazitazama kupitia tabaka jembamba la hewa wakati Ulaya kuna miaka mingi wanazitazama zikiwa zimelala juu ya mapaa. Lakini kitako cha Dobson kikielekezwa utosini kinakwama: kusukuma kulia na kushoto hakusaidii tena, bomba linajizungusha papo hapo na kitu kinakukimbia. Suluhisho ni muda. Kitu kilichopita utosini kabisa, baada ya saa moja na nusu kitakuwa kimeshuka hadi digrii 67 hivi, na hapo kitako kinafanya kazi vizuri. Au kitazame saa moja na nusu kabla. Mwonekano hautapungua kwa kiasi utakachokigundua.

Kuiandaa. Ni darubini ya mezani, na meza ndiyo nusu ya darubini. Meza ya plastiki inatikisika kwa kila pumzi. Kreti ya soda inafaa ukikaa kwenye kigoda, ila iwe ya plastiki ngumu isiyobonyea na iwekwe sakafuni, sio kwenye mchanga. Stuli ya fundi yenye miguu mitatu ni bora zaidi, kwa kuwa miguu mitatu haitetereki hata sakafu ikiwa na mabonde. Paa la zege linafaa baada ya saa tatu usiku. Kabla ya hapo zege bado linatoa joto la mchana na picha inachemka. Na kuna ukuta wa matofali wa kimo cha kiuno, ambao hauna mpinzani.

Vuta nusu ya juu ya bomba hadi igote, kisha kaza skrubu zake. Malalamiko mengi ya "haionyeshi kitu" yanaishia hapa: bomba halikuvutwa mpaka mwisho, na fokasi haiwezi kupatikana. Lenga kilengeo mchana kwa mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja: uweke mnara katikati ya lenzi ya milimita 25, ndipo uzungushe visukumio vya kilengeo mpaka nukta nyekundu ikae juu yake. Utaona mnara umepinduka, juu chini na kulia kushoto. Darubini za vioo viwili ziko hivyo na haihitaji kutengenezwa. Angani hakuna juu wala chini, ila kama ulipanga kutazama meli bandarini au wanyama mbugani, hiki si chombo chake. Zima kilengeo ukimaliza. Ukikisahau kikiwaka, betri itakufa kabla ya wikendi ijayo.

Tukija kwenye kasoro, ya kwanza ni shingo ya fokasi. Haina meno wala gia: ni skrubu kubwa ya plastiki, unazungusha shingo yenyewe na lenzi inapanda au kushuka. Ni nyepesi na haina cha kuharibika, lakini uzi wake umelegea. Ukiigusa, lenzi inainama upande mmoja na sayari inaruka. Ukiwa mara 26 hujali. Ukiwa mara 130 unaweza kuitupa barazani. Dawa yake ni tepi nyeupe ya mafundi bomba, ile nyembamba isiyo na gundi inayozungushwa kwenye koki ili zisivuje. Toa lenzi, fungua shingo hadi itoke kabisa, na futa grisi iliyopo kwa kitambaa kikavu. Zungusha tepi juu ya uzi mizunguko miwili, ukiivuta ili izame kwenye mifereji, na uelekeo uwe ule ambao shingo ikiingia itaibana badala ya kuibandua. Rudisha taratibu. Ikiwa ngumu kupita kiasi, zungusha mbele na nyuma mara kadhaa ili tepi ikae. Ikiwa bado inacheza, ongeza mzunguko mmoja. Wengi wanaweka mizunguko mitano mara ya kwanza, tepi inajikunja ndani na shingo inakwama katikati. Kazi hii ni ya dakika kumi, na inabadilisha kifaa kuliko lenzi yoyote utakayonunua.

Kasoro ya pili ni uwazi wa bomba. Taa ya usalama ya jirani inaingia pembeni moja kwa moja hadi kwenye fokasi, na mandhari ya nyuma inakuwa kijivu badala ya nyeusi. Mjini, hii inakula nusu ya unachoweza kuona. Pima mzunguko wa bomba kwa uzi, kata karatasi laini ya sponji nyeusi, ya aina inayouzwa maduka ya vifaa vya shule, ongeza sentimita tatu za kupishanisha, na ufunge kwa utepe wa kushikamana. Acha nafasi ya shingo ya fokasi. Kitambaa cheusi pia kinafaa, ila kisining'inie ndani ya bomba. Kikilegea kinaziba sehemu ya kioo na hutajua kwa nini picha imefifia.

Ya tatu ni kitako chenyewe. Ni mbao za unga zilizobanwa na kufunikwa plastiki, na adui yake ni unyevu. Pwani, kingo ambazo hazikuzibwa vizuri, hasa kwenye matundu ya skrubu, hunywa umande na kuvimba, kisha mzunguko wa kulia na kushoto unakuwa wa kukwaruza. Kabla hujaikusanya kwa mara ya kwanza, pitisha vanishi ndani ya matundu na kwenye kila ukingo unaoonyesha unga wa mbao. Nati ya katikati isikazwe sana: kitako kinapaswa kusogea kwa kidole na kusimama papo hapo ukikiachia. Kikisogea kwa mshtuko, legeza robo mzunguko.

Halafu kuna kulinganisha vioo, jambo linalowatisha wengi bila sababu. Kwa f/5 vioo vikipishana kidogo tu, Mushtarii anapoteza mikanda yake. Safari ndefu ya mizigo inatosha kuvitikisa, kwa hiyo ikifika nyumbani ichukulie kwamba imeshapotoka. Kifaa unachohitaji ni kifuniko cha plastiki kinachoingia kwenye shingo ya fokasi, ukitoboe tundu la milimita mbili katikati kabisa. Elekeza bomba kwenye ukuta mweupe, chungulia. Kwanza angalia kioo kidogo cha mshazari: kinapaswa kuonekana duara katikati ya shingo. Kwa ufunguo wa Allen zungusha skrubu zake tatu ndogo, moja ikilegea nyingine ikikaza, hadi uone ndani yake vishikio vyote vitatu vya kioo kikuu. Kisha hamia nyuma ya bomba. Kuna skrubu tatu za kurekebisha na tatu za kufunga. Legeza za kufunga, zungusha za kurekebisha kidogo kidogo mpaka tundu lako la kuchungulia lionekane katikati ya alama ya duara iliyoko kwenye kioo kikuu. Kaza za kufunga kwa zamu, sio moja hadi mwisho, maana ukifanya hivyo utavuta kila kitu upande mmoja na kurudi mwanzo. Laza bomba usawa wakati wa kugusa kioo kidogo. Ufunguo ukikuponyoka bomba likiwa limesimama, utaanguka juu ya kioo kikuu.

Hakiki usiku kwa nyota ya mwanga wa wastani iliyo juu. Ikuze kwa nguvu, iweke katikati, kisha itoe kwenye fokasi kidogo. Utaona pete ndani ya pete na kivuli cha kioo kidogo. Pete zikiwa na kituo kimoja, umemaliza. Vitabu vya kaskazini vitakuambia utumie nyota ya kaskazini kwa kuwa haisogei. Kwetu utaisukuma nyota yako kila baada ya dakika. Kumbuka kuirudisha katikati kabla ya kila hukumu, kwa sababu pembeni ya uwanja kila kioo cha f/5 huonyesha nyota zenye mkia.

Wa pwani wana shida moja ambayo maelekezo yaliyoandikwa kwa nchi za baridi huitaja kinyume. Kule darubini hutoka chumba cha joto kwenda nje kwenye baridi, na husubiri ipoe. Dar, Mombasa au Muscat hutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye hewa nzito ya joto, na kioo kinafunikwa ukungu papo hapo kama chupa ya maji kutoka friji. Usiufute. Iache na kifuniko chake nje nusu saa ipate joto, ndipo uifungue. Bora zaidi isihifadhiwe chumba cha kiyoyozi kabisa. Wala isifungwe kwenye plastiki ikiwa na umande: unyevu uliofungiwa unaleta kuvu kwenye lenzi, na chumvi ya baharini inakula tabaka la alumini la kioo. Iache ikauke kwa hewa, kisha weka kifuniko pamoja na pakiti mbili tatu za silika zinazokuja na viatu vipya, ukizikausha juani mara kwa mara.

Vumbi juu ya kioo haliharibu picha. Kufuta ndiko kunakoharibu. Kama kweli kimechafuka, kitoe pamoja na kishikio chake, kipulize kwa pampu ya mkono, kimwagie maji, kisha pamba iliyoloa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ikokotwe kwa uzito wake yenyewe bila kukandamiza. Suuza mwisho kwa maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri ya gari. Soma chupa kwa makini, kwa kuwa asidi ya betri inauzwa rafu hiyo hiyo na wauzaji wengine wanaita vyote viwili maji ya betri.

Utaona nini, basi? Mwezi, usiku wa siku ya sita hadi ya tisa baada ya mwandamo, ndio utakaowafunga wageni kwenye lenzi. Usisubiri mwezi mpevu. Ukiwa mzima hauna vivuli na unaonekana bapa. Mstari wa kati ya mchana na usiku ndipo mashimo kama Copernicus, lenye kilomita 93, yanaonyesha kuta zake za ngazi na vilima vya katikati. Mushtarii kwa mara 65 ana mikanda miwili na miezi minne inayobadili nafasi usiku hadi usiku. Zohali ni dogo, na pete ni dhahiri. Machi 2025 zilikuwa zimetuelekea kwa ukingo, na tangu hapo zinafunguka mwaka hadi mwaka. Zuhura inaonyesha umbo la mwezi mchanga. Mirihi, isipokuwa miezi michache inapotukaribia, ni doa la chungwa, na hapo wengi hukata tamaa.

Nje ya mfumo wa jua ndipo latitudo yetu inapolipa. Kilimia kwa lenzi ya milimita 25 inaingia yote, maana uwanja una digrii mbili hivi. Nebula ya Jabari, Desemba hadi Machi, inapita karibu na utosi na inaonyesha nyota nne zilizobanana katikati ya wingu. Kisha kusini: Omega Centauri, kishada kikubwa cha nyota, inapanda hadi digrii 49 kwa Dar es Salaam, na Mei na Juni usiku wa saa tatu iko mahali pazuri. Kwa mara 65 mahali pa giza, kingo zake zinaanza kumeguka kuwa vumbi la nyota. Nebula ya Carina na kishada cha Jewel Box, vyote jirani ya Salibu, lile kundi la nyota la msalaba wa kusini, ni vitu ambavyo mtu wa London havioni kamwe akiwa kwake. Wakati huo huo galaksi ya Andromeda, fahari ya kaskazini, inafika digrii 47 kwa Nairobi. Anga karibu lote ni lako. Ila usitegemee rangi: nebula na galaksi ni kijivu machoni, kwa sababu jicho halioni rangi kwenye mwanga hafifu namna hiyo. Zile picha za bluu na nyekundu ni za kamera iliyoachwa wazi kwa muda mrefu. Galaksi kutoka Kariakoo au Eastleigh usizihangaikie.

Miezi ya kuitumia inategemea ulipo. Dodoma na bara kavu, Juni hadi Oktoba ni neema. Nairobi Julai na Agosti ni wingu tupu. Januari na Februari ndio wakati wake.

Lenzi ya milimita 25 iliyokuja nayo inatosha kwa muda mrefu. Ya milimita 10 ni dhaifu, na ndiyo ya kwanza kubadilishwa. Nunua ya milimita 6 yenye uwanja wa digrii 66, inayouzwa na kampuni kadhaa za China kwa bei ndogo: inakupa mara 108, na uwanja wake mpana unakupa muda zaidi kabla ya kusukuma. Lenzi ya kuongeza maradufu pia inafaa, ila iwe nzuri. Kinadharia kioo hiki kinafika mara 260; kwa usiku wa kawaida wa tropiki, ukivuka 150 unakuza mtetemo wa hewa tu. Kishikio cha simu kinatosha kwa picha za Mwezi: gusa Mwezi kwenye skrini, teremsha mwanga hadi mashimo yaonekane, na utumie kipima muda cha sekunde tatu ili kidole kisitikise.

Nani asiinunue? Anayetaka picha za nebula bila kujifunza anga. Huyo atafurahia zaidi darubini za kisasa zinazojielekeza zenyewe na kutuma picha kwenye simu, ambazo zina lenzi ndogo na bei kubwa zaidi. Mwenye bajeti ya nusu yake anunue binokula ya 10x50, asiguse darubini za maboksi yenye namba kubwa. Mwenye nyongeza kidogo aitazame ndugu yake, Heritage 150P, yenye kioo cha milimita 150 na fokasi 750: mwanga zaidi kwa theluthi moja, shingo ile ile ya fokasi, mbao zile zile.

Na jua. Hakuna kulitazama kwa kifaa hiki bila kichujio cha jua kinachofunika mdomo wote wa bomba kwa mbele. Miwani ya kupatwa iliyoshikwa nyuma ya lenzi haikukingi: kioo kimeshakusanya joto na kitaiunguza kabla hujapepesa. Kwa bomba hili lililo wazi, kichujio cha mbele pekee hakitoshi. Funga na ile sponji nyeusi kuzunguka, na kilengeo kiondoe ili mtoto asichungulie. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa Misri kusini, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia, huku Kenya na Oman zikiona sehemu yake. Vichujio huadimika miezi ya mwisho kabla ya tukio kama hilo, kwa hiyo kiagize kwenye kifurushi kimoja na darubini, na ukifika kikague kwa kukiinua kuelekea balbu kali: tundu lolote linalopitisha nukta ya mwanga linatosha kukitupa.